Tunamuaga Mama Zdravka, Aliyetaka Kuelezwa Tena

Ijumaa hii, tarehe 31 Machi 2023, Bi Zdravka Mincheva anastaafu baada ya kutengeneza programu za kompyuta kwa miaka thelathini na minane hapa mjini Ruse. Miaka hiyo yote ameitumia katika jengo hili hili, na mingi kati yake ameketi kwenye meza ya dirishani ya chumba cha pili. Mimi ni Snezhina Koleva, mjaribu programu wa chumba hicho, na nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, wanasema, nina mdomo. Ni kweli ninao. Basi nitautumia.

Zdravka alianza kazi mwaka 1985, binti wa miaka ishirini na minne, katika kituo cha kompyuta cha kiwanda cha mashine za kilimo, kilichokuwa humu humu jengoni. Zama hizo kompyuta moja ilijaza ukumbi mzima, na wafanyakazi walivaa makoti meupe kama madaktari. Kiwanda kilipofungwa, fundi mwenzake, Ognyan Velchev, aliikodi ghorofa hii ya tatu, akafungua kampuni, akawaita waliobaki. Baadhi yao baadaye walikwenda mji mkuu, Sofia, wengine Ujerumani, na wawili wakaamua kuuza maua. Zdravka alibaki. Mumewe Gancho, Mungu amrehemu, alikuwa akimtania kwamba ameolewa mara mbili, na kwamba yule mume wa ghorofa ya tatu ndiye anayepikiwa vizuri zaidi.

Sasa tusidanganyane. Katika hafla kama hizi kila anayeaga hugeuka bingwa asiye na mfano, na Zdravka mwenyewe angekuwa wa kwanza kucheka nikimwandikia hivyo. Hakuwa mtengeneza programu hodari. Kazi ambayo wengine wanaimaliza mchana mmoja, yeye alikaa nayo wiki. Lugha mpya za kompyuta zilipoingia alijifunza moja, nusu yake, kisha akasema kwa umri wake nusu inatosha. Mwaka mmoja alifuta kwa bahati mbaya vijiji vyote vya mkoa kutoka kwenye orodha ya shirika la maji, vyote, pamoja na kile alikozaliwa. Badala ya kulia, alichukua simu akawapigia wenyeviti wa vijiji mmoja mmoja kuwauliza kama bado wapo. Orodha ilirudi kamili, na yeye akarudi na mialiko mitatu ya harusi.

Alikuwa pia na mwandiko wake. Ndani ya programu kila kitu lazima kipewe jina, na mafundi wakali hutumia herufi moja au mbili, wanaendelea na safari. Zdravka alivipa vitu majina marefu kama sentensi. Kwenye programu aliyoiandikia kiwanda cha mkate kuna kitu kinaitwa uzito-wa-mkate-kabla-haujaingia-tanurini, na kingine kinaitwa mkate-ulioungua-usihesabiwe. Tulimcheka sana. Lakini ile ya mkate inafanya kazi mpaka leo, na kila aliyepewa kuirekebisha aliifungua, akaisoma kama anasoma gazeti, akarekebisha, akaenda kula. Programu za mabingwa wetu wa wakati ule zimeshaandikwa upya zote, maana mabingwa waliondoka na hakuna aliyejua walikuwa wanafikiria nini.

Na kila Septemba alichukua likizo ya pilipili. Yaani anakaa roshani kwake siku nzima anachoma pilipili hoho, anazimenya, anazisaga na nyanya, anajaza chupa za msimu wa baridi, na simu anaizima. Dunia ikiungua, iungue. Sisi wengine tulikwenda likizo na kompyuta begani, tukarudi tumechoka zaidi. Yeye alirudi na chupa moja kwa kila meza.

Kitu kimoja alikifanya ambacho hakuna mwingine humu aliyekiweza. Alisema "sijaelewa" mbele ya mtu yeyote, bila kugeuka rangi. Aliisema mbele ya Mkurugenzi Ognyan, mbele ya wateja, na mara moja mbele ya bwana mkubwa mmoja kutoka wizarani aliyekuwa amezungumza muda mrefu huku wote tukitabasamu. "Samahani bwana," akasema, "mimi ni mzito kidogo. Hapo kati sijaelewa, hebu anza tena." Yule bwana akaanza tena, akafika pale kati, akakwama, akakiri kwamba hata yeye alisomewa tu asubuhi ile. Kila tulipoketi naye kwenye kikao tulikuwa tunaomba asifungue mdomo, huku kimoyomoyo tukiomba aufungue, kwa sababu sisi pia tulikuwa hatujaelewa.

Mwaka 2018 alikuja Lachezar Tonev kuwa mkuu wa watengeneza programu. Nyote mnamjua na yuko hapa ukumbini, kwa hiyo nitajizuia. Kichwa chake ni moto. Alishinda mashindano yote ya wanafunzi, akafanya kazi Munich, akaamua kurudi nyumbani, na wiki ya kwanza akatatua tatizo ambalo sisi tulikuwa tumeshalizoea mpaka tunalisalimia. Anaona jibu kabla hujamaliza swali. Shida yake ilikuwa hiyo hiyo. Kusubiri kulimuuma kama kiatu kinachobana. Aliposoma programu ya mkate kwa mara ya kwanza aliuliza kwa sauti chumba kizima kisikie, "Huyu mama anaandika programu au anamwandikia dada yake barua?" Zdravka akajibu kutoka dirishani, "Dada yangu hajibu barua, mwanangu. Kompyuta angalau inajibu."

Tulicheka, na Lachezar akacheka, lakini hakubadilisha mawazo. Msimu wa kiangazi wa 2019 alimwambia Mkurugenzi wazi kwamba chumba cha pili kinabeba mtu asiyefaa, na Mkurugenzi, ambaye amemjua Zdravka tangu makoti meupe, aliinamisha kichwa akakubali. Mwisho wa mwaka ule angeambiwa aage. Siri hiyo ilikaa ofisini kama harufu ya samaki. Haikuchukua muda, kila mtu aliijua, na yeye pia. Hakulalamika. Siku moja tunaosha vikombe aliniambia, na nayaandika hapa kwa ruhusa yake: "Sneji, mimi sitaki sherehe wala saa ya dhahabu. Gancho hayupo, mtoto yuko mbali, Valencia. Nataka tu siku nikitoka hapa nitoke kama mtu aliyemaliza kazi yake. Si kama kiti kibovu kinachoshushwa kwa ngazi ya nyuma." Nilimwambia maneno ya kumfariji, na nikaenda chooni kulia, maana nilijua Desemba inakuja.

Kabla ya Desemba ikaja Oktoba. Tulikuwa tumetengeneza programu ya wodi kwa ajili ya hospitali moja, na hospitali yenyewe haina lawama yoyote katika hadithi hii. Kazi ya programu ilikuwa kuwaambia wauguzi mgonjwa gani apewe dawa gani na saa ngapi. Saa ikifika, orodha ya dawa za saa hiyo inafunguka kwenye kioo cha kompyuta, muuguzi anatoa dawa, anabonyeza, basi. Lachezar aliiandika mwenyewe karibu yote, na ilikuwa nzuri kweli kweli. Mimi niliijaribu wiki nzima nikakosa la kusema, na mnajua hilo si jambo la kawaida. Ilipangwa kuwashwa hospitalini Jumamosi asubuhi.

Ijumaa mchana ikagundulika kwamba hakuna aliyewaandikia wauguzi maelezo ya kutumia. Sote tulikuwa na kazi. Zdravka hakuwa nayo, kwa sababu kwa miezi kadhaa alikuwa hapewi kitu. Lachezar akavuta kiti mpaka dirishani, uso umekunjamana, akaanza kumweleza. Meza yangu iko nyuma yao, kwa hiyo sikukosa hata neno.

"Inaangalia saa," alisema Lachezar. "Saa ikifika inafungua orodha. Ni hivyo tu, Bi Mincheva."

"Hapo sijaelewa. Inaangalia saa gani?"

"Saa ya kompyuta. Saa ya ukutani. Saa ni saa!"

"Sawa, usifoke, mimi naandika. Inafungua orodha. Muuguzi anatoa dawa, anabonyeza. Halafu orodha inakwenda wapi?"

"Haiendi popote. Inafungwa. Saa nyingine ikiingia, inafunguka ya saa nyingine."

"Na ile iliyofungwa, itafunguka tena lini? Nieleze polepole, mwanangu, kama unamweleza mtu aliyekesha kazini na anataka kulala. Ndio hao watakaosoma."

Lachezar akavuta pumzi, akazungumza neno moja moja, kama mtu anayemlisha mtoto uji. "Itafunguka kesho yake. Kwa sababu saa tisa ya usiku, Bi Mincheva, haiji mara mbili kwa usiku mmoja."

Akanyamaza.

Mimi niligeuka, maana unyamavu wake haukuwa wa kawaida. Alikuwa anautazama ukuta, na sababu nilikuja kuijua baadaye tu. Usiku wa Jumamosi ile kuamkia Jumapili ndio ule usiku wa kila mwisho wa Oktoba ambao sote huku tunarudisha saa nyuma: ikifika saa kumi alfajiri, inahesabiwa ni saa tisa tena. Kila mwaka tunafanya hivyo, tunafurahia kulala zaidi, tunasahau. Na usiku ule saa tisa ingekuja mara mbili. Orodha ingefunguka mara mbili. Muuguzi aliyechoka, mwenye wodi nzima peke yake, angeambiwa na kioo kwamba mgonjwa wa moyo hajapata dawa yake, naye angempa tena.

Lachezar alilijua jambo la saa kurudi nyuma kuliko mtu yeyote katika mji huu. Alikuwa ametufundisha sisi wenyewe, kwa picha ubaoni. Alilijua, lakini siku alipoandika ule mstari wa saa alikuwa anakimbia, na aliposoma tena alikimbia vile vile, na sisi tulipousoma tulikimbia nyuma yake kwa sababu ameuandika yeye. Mstari ule ulisubiri mtu wa kumlazimisha autamke kwa mdomo wake, neno kwa neno.

Na Zdravka? Jamani, hakuona kitu. Hakuwa amegundua kosa wala hakuwa anamtega. Aliona kijana amenyamaza ghafla uso mweupe, akadhani amemkera. "Basi yaishe, Lacho," akasema. "Usininunie. Nitaandika hivyo hivyo ulivyosema." Lachezar akainuka, akatoka nje kupiga simu hospitali kuwaambia wasiwashe, kisha akaingia kwa Mkurugenzi akafunga mlango. Zdravka akaniangalia, akashusha pumzi. "Unaona, Sneji? Hata maelezo siwezi kuandika."

Ndani ya mlango ule Lachezar alisema mambo mawili, na Mkurugenzi ameniruhusu niyataje. La kwanza, programu haiko tayari na kosa ni lake yeye. La pili, Bi Mincheva hatoki Desemba. Akitoka, na yeye anatoka. Jumatatu ikatangazwa kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kazi itakayokwenda kwa mteja mpaka aliyeitengeneza aketi dirishani amweleze Zdravka, mwanzo mpaka mwisho, naye aseme ameelewa.

Mabingwa wa chumba cha kwanza walinung'unika, we! Mmoja aliuliza kama pia tutahitaji kibali cha mlinzi wa geti. Hawakunung'unika muda mrefu. Wiki za mwanzo walikuja na programu zenye kona na vichochoro, wakatoka dirishani jasho linawatiririka. Kisha wakaanza kuzinyoosha kabla ya kuja, kwa sababu hakuna anayetaka kupoteza mchana mzima akimweleza Mama Zdravka ujanja ambao haukuwa na lazima. Wengine walianza maelezo, wakafika katikati, wakasema "ngoja kidogo, narudi," na wakarudi kesho yake na programu tofauti. Yeye alikuwa hata hajauliza swali. Alikuwa bado anatafuta miwani.

Nimelifikiria sana jambo hili, maana kazi yangu ni kutafuta makosa na huyu mwanamke alikuwa ananimalizia riziki. Mtu hodari akimweleza hodari mwenzake, wanaruka hatua. Huyu anasema nusu, yule anamalizia kichwani, wote wawili wanatikisa vichwa, na shimo linabaki katikati yao limefunikwa vizuri. Kwa Zdravka huwezi kuruka. Unapita kila hatua kwa miguu yako, na shimo likiwepo unatumbukia mwenyewe.

Lachezar alibadilika zaidi ya wote. Sasa ndiye anayeandika majina marefu kama sentensi, na tukimcheka anasema dada yake anapenda barua ndefu. Mwaka jana, mbele ya wageni kutoka Sofia wenye suti na maneno makubwa, aliinua mkono akasema, "Samahani, hapo sijaelewa." Nusura niangushe kikombe. Na tangu Oktoba ile hajamwita tena Bi Mincheva. Anamwita Mama Zdravka.

Sote tulidhani Mama Zdravka anajua sababu ya haya yote. Hapo ndipo tulipokosea, sisi wenye vichwa vya moto pamoja na mimi mwenye mdomo. Lachezar aliona haya kumweleza kilichotokea Ijumaa ile, nami nilidhani amemweleza, Mkurugenzi akadhani nimemweleza mimi. Miaka zaidi ya mitatu imepita hivyo.

Jumatatu wiki hii, baada ya kutugawia pai ya jibini ya kuagia, ya moto kutoka tanurini, Mama Zdravka alipita meza kwa meza kushukuru. Alipofika kwa Lachezar alimshika bega. "Lacho, mwanangu, nisamehe. Najua nimewachelewesha sana. Najua ile kazi ya kusikiliza mliitunga ili nipate pa kukaa mpaka nifikishe miaka yangu. Una moyo mzuri. Ulinivumilia, na sitasahau." Lachezar akasema anakwenda kuangalia mashine ya kuchapa, akatoka kwa mlango ambao hauelekei kwenye mashine yoyote. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akaniomba niyaandike hapa yale ambayo yeye akiyasema kwa mdomo hatafika mwisho.

Kwa hiyo, Mama Zdravka, hapa nakugeukia wewe mwenyewe, na maneno ni yake:

"Ile Ijumaa sikukununia. Uliponiuliza orodha itafunguka tena lini, nilisikia kosa langu likitoka kinywani mwangu. Lingewafikia watu waliolala wodini usiku wa kesho yake, na kuna ambao wasingeamka. Waliamka wote Jumapili, wakanywa chai yao, na hakuna hata mmoja anayejua jina lako. Mimi ndiye niliyetaka kukutoa. Kazi ya kusikiliza hatukuitunga kwa huruma. Niliiomba mimi, kwa sababu niliogopa kufanya kazi bila wewe, na kuanzia Jumatatu naanza kuogopa tena. Sikukuvumilia hata siku moja, Mama. Nilikutegemea."

Umesikia basi. Umemaliza kazi yako, na ilikuwa kazi. Leo jioni sote, chumba cha kwanza na cha pili, tutashuka nawe kwa ngazi kubwa ya mbele, na mkoba wako ataubeba Lachezar. Asante kwa kila swali. Mungu akupe afya, roshani yenye jua, na mtoto wako akuletee wajukuu mapema. Ishi vizuri, Mama yetu, na kwa muda mrefu.

Snezhina Koleva,
kwa niaba ya wenzako wote wa ghorofa ya tatu